Kikundi cha kuacha pombe Mombasa: tafuta kile utakachofika saa ya kiu

Anayeniuliza kikundi kipi cha kuacha pombe ni kizuri hapa Mombasa, mimi humuuliza kwanza: kiu hukushika saa ngapi, na saa hiyo huwa uko wapi? Mkaazi wa Mtongwe anayetoka kazini kisiwani saa kumi na moja jioni hushikwa akiwa kwenye foleni ya feri. Mkutano wa Nyali Jumamosi asubuhi, hata uwe na watu wema vipi, haumsaidii Jumatatu jioni. Huyo atafute mkutano wa mjini unaoanza mara tu anapotoka kazini, au wa Likoni atakaoingia akishuka tu kwenye feri.

Lakini hospitali hutangulia kikundi. Ikiwa unakunywa kila siku, na hasa ikiwa unaamka mikono ikitetemeka hadi utoe loki, yaani unywe pombe kidogo ya kuituliza, ndipo unywe chai, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe, ukiikosa, hubaki umechangamka kupita kiasi. Mitetemo, jasho na kichefuchefu huanza saa sita hadi ishirini na nne baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza. Kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kupanda kwa joto la mwili mara nyingi huja siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo huua.

Nenda Hospitali Kuu ya Pwani, au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz. Mweleze daktari kiasi halisi: chupa ngapi, lita ngapi za mnazi, na cha mwisho ulikunywa saa ngapi. Mwambie pia kama mnazi ulikuwa wa kugemwa siku hiyo au uliolala, kwa maana kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi ukali. Wengi huona haya wakataja nusu. Daktari hupima dawa ya kutuliza kwa nusu hiyo, na degedege linakuja usiku. Uliza pia kuhusu vitamini B1: walevi wa muda mrefu huwa na upungufu wake, na upungufu huo huharibu kumbukumbu.

Mwili ukishatulia, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. NACADA wana kituo cha matibabu Miritini. Mashirika ya MEWA na Reachout nayo yamewahudumia waraibu mjini hapa kwa miaka mingi, ingawa wengi huyajua kwa kazi yao na watumiaji wa unga, yaani heroini. Usiogope kuwauliza, mshauri wa unga huwajua washauri wa pombe. Uliza hivi: "Natafuta mkutano wa wanaoacha pombe, upande wa Changamwe. Upo siku gani, saa ngapi, kwa lugha gani? Ni wa wazi au wa wanachama tu?" Wa wazi unaweza kwenda na ndugu yako. Wa wanachama ni wa wale tu wenye nia ya kuacha. Orodha za mikutano huchakaa upesi, kwa hiyo thibitisha tena siku moja kabla. Mtu aliyejikaza kwenda akakuta mlango umefungwa, njiani kurudi hupitia baa.

Mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe ulioanzia Marekani mwaka 1935, haina ada wala fomu. Sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Kapu likipita, anayetaka hutia chochote. Ukikuta kikundi kinachodai kiingilio, kinachouza dawa za mitishamba, au kinachokuamuru utupe dawa ulizopewa hospitali, ondoka. Mkutano kufanyika katika ukumbi wa kanisa hakuufanyi kuwa ibada ya kanisa hilo, na Muislamu hukaa humo bila kuulizwa dini. Hata hivyo naelewa anayehofia kuonekana akiingia pale. Huyo aulize MEWA, ambayo ni taasisi ya Kiislamu, au aanze na mkutano wa mtandaoni. Mwanamke asiyetaka kuzungumza mbele ya wanaume na aseme hivyo mapema kwenye simu.

Siku ya kwanza fika robo saa kabla, uchague kiti kabla watu hawajajaa. Jina moja latosha. Zamu yako ikifika, "leo nasikiliza tu" ni jibu kamili. Usikihukumu kikundi kwa siku hiyo moja. Hudhuria mara tatu au nne. Kundi la WhatsApp usijiunge haraka: namba yako huonekana na wote, na picha ya skrini haina siri. Afadhali uombe namba za watu watatu, ana kwa ana, wa jinsia yako.

Kesho yake mpigie mmoja wao hata kama huna kiu, umwambie tu umeamkaje. Anayengoja hadi kiu impande ndipo apige mara ya kwanza, mara nyingi huishika simu, akaitazama ile namba ya mtu asiyemzoea, kisha akairudisha mfukoni.