Ramani ya kumbukumbu ya mashine pepe haisomwi mara moja tu

Wengi wanaoandika kifaa cha QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, hudhani kwamba ukiipa mashine pepe RAM ya GiB 8, unapata kipande kimoja kisichohama, basi unasoma ramani mwanzoni na kazi imekwisha. Si kweli. Kwenye q35, aina mojawapo ya mashine ambazo QEMU huiga, kwa kawaida GiB 2 hukaa chini, na 6 zilizobaki huanzia 0x100000000, yaani anwani ya GiB 4. Isitoshe, ramani hubadilika mashine ikiwa inawaka: BIOS ikipanga BAR (madirisha ya anwani) za vifaa vya PCI, vipande huondoka na kurudi mara kadhaa kabla mfumo endeshi haujaamka.

Dawa yake ni kusajili MemoryListener, seti ya vitendakazi ambavyo QEMU huviita ramani inapobadilika. Kila badiliko hufunguliwa na begin na kufungwa na commit. Katikati, region_del hutaja kilichoondoka, region_add kilichoingia, na region_nop kisichoguswa. Hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa, jina lenyewe (nop, yaani "hakuna cha kufanya") linapotosha. Kama unajenga orodha ya vipande upya katika kila begin, kama inavyofanya vhost (njia ya kukabidhi kazi ya kifaa kwa kernel au programu nyingine), ukiacha region_nop utapoteza RAM yote ambayo haikuguswa, na kifaa kitaanza kukataa anwani halali. Usitume orodha kwa kifaa kabla ya commit, kwa kuwa bado ni nusu. Ukihifadhi kielekezi (pointer) cha eneo la kumbukumbu, liitie memory_region_ref, la sivyo linaweza kufutwa ukiwa bado unalitumia.

Kujionea, fungua monita ya QEMU, andika `info mtree -f` kabla na baada ya kuchomeka kifaa, ulinganishe.