Bakicheki kwenye utafiti wa elimu ni nini hasa?

Bakicheki ni kurudi kwa mtu aliyeshahojiwa, unamuuliza tena maswali machache halafu unalinganisha majibu yake na yale aliyoleta enumereta wa kwanza, yaani yule aliyetumwa kumhoji na kujaza fomu. Ndo hivyo tu kwa kifupi, ila kwenye utafiti wa mashuleni ina mambo yake, na wengi wanaoanza kusimamia fildi wanaichukulia kama polisi wa kukamata wanaojaza fomu wakiwa wamekaa chini ya mwembe, wakati hiyo ni sehemu ndogo sana.

Chukua mradi wa kupima kusoma darasa la pili, ile EGRA (kipimo cha kusoma cha madarasa ya mwanzo), mtoto anasoma kwa sekunde 60 na enumereta anagusa kwenye kishikwambi kila neno alilokosea. Hapo huwezi kurudi wiki ijayo ukampa mtoto yuleyule hadithi ileile ukategemea alama zifanane, kashaisoma, pengine na mdogo wake kamsimulia. Alama za kusoma zinahakikiwa kivingine, enumereta wawili wanakaa na mtoto mmoja muda uleule, mmoja anampima mwingine anasikiliza, kila mtu anajaza kivyake ndo mnalinganisha. Bakicheki inabaki kwa vitu ambavyo havibadiliki haraka: kuna mtu alikuja kukupa hadithi usome? mlikaa wapi? nyumbani mnaongea lugha gani? ulisoma darasa la awali?

Anayerudi lazima awe mtu mwingine, majina yachaguliwe na kompyuta, na enumereta asijue nani atarudiwa. Miradi mingi inachukua kama asilimia 10 ya waliohojiwa, ila kwangu mimi cha muhimu zaidi ni kila enumereta aguswe na kazi ianze siku za mwanzo kabisa, maana ukisubiri wiki ya mwisho kosa unalikuta timu ishahama wilaya.

Sasa majibu yakitofautiana, tulia kwanza. Swali linasema "nyumbani kwenu kuna vitabu?", mtoto alijibu ndiyo, leo anasema hapana. Ukiongea naye taratibu unakuta siku ile alihesabu madaftari yake ya shule. Enumereta hajadanganya, mtoto hajadanganya, swali ndo bovu. Lirekebishe, waambie timu nzima jioni hiyohiyo, na uandike tarehe mliyobadilisha ili mchambuzi ajue kabla na baada. Ukimfokea enumereta kwa hili, kesho wote wanaanza kukuficha matatizo, na hapo data imeshakwenda na maji. Lakini mtoto akisema hakuna mtu aliyekuja, mwalimu wake naye anasema hivyohivyo, na fomu imejazwa vizuri mpaka mwisho, hapo ni habari nyingine, kazi yote ya huyo enumereta inakaguliwa upya, sio fomu ile moja.

Mwalimu mkuu naye aambiwe siku ya kwanza kwamba kuna mtu mwingine anaweza kurudi, na iwemo kwenye idhini ya mzazi pia, wasije wakashtuka. Halafu hela jamani. Hela ikipungua bakicheki ndo kitu cha kwanza kukatwa, kwa hiyo gari, mafuta na posho za wanaorudi vipewe mstari wao kwenye bajeti tangu siku mnaomba fedha, visifichwe kwenye "mengineyo".