Fresko maana yake ni "mbichi"

Hivi karibuni, kwenye semina ya vijana parokiani, mtoa mada alituonyesha picha ya Ubatizo wa Kristo ya mchoraji Mwitaliano Piero della Francesca. Yesu kasimama katikati na maji ya Yordani miguuni, Yohana anammiminia maji, njiwa yuko juu kama kipande cha wingu. Picha nzuri mno. Kisha akasema, "Hii ni fresko ya karne ya 15." Karne ni kweli. Fresko siyo, na nimeshalisikia kosa hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandikia.

Fresko ni picha iliyochorwa juu ya lipu ya chokaa ambayo haijakauka, kwa rangi iliyokorogwa na maji matupu. Maana ni hiyo tu. Uzee wa picha, Yesu kuwamo, au picha kuwa ya kanisani, hayo hayahusiki.

Neno lenyewe linajieleza. Waitaliano husema kuchora *a fresco*, na *fresco* ni -bichi, ile ile ya samaki mbichi. Kinyume chake ni *a secco*, yaani juu ya ukuta mkavu. Ubichi huo ndio unaofanya kazi yote. Rangi ya fresko haina gundi wala yai. Chokaa inapokauka hunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, ndipo chembe za rangi zinapofungwa ndani yake. Picha inakuwa sehemu ya ukuta. Watu wa pwani yetu, waliojenga kwa chokaa ya matumbawe, wanajua jinsi chokaa inavyokuwa ngumu ikishakaa.

Kwa hiyo fundi hushindana na saa. Asubuhi anapaka lipu kipande anachoweza kukimaliza siku hiyo tu, nao Waitaliano wanakiita *giornata*, kazi ya siku. Kesho kipande kingine, ukingo wake ukilalia kidogo ule wa jana. Ukimulika ukuta kwa taa ya pembeni unaiona mishono hiyo, na unaweza kujua kichwa kipi kilitangulia na vazi lipi lilifuata. Mimi hapo ndipo moyo wangu unapobaki: siku za kazi za mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita, bado zinahesabika.

Sasa turudi kwa Piero. Ubatizo wake ni tempera, rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, juu ya ubao wa mti wa popla wenye kimo cha sentimita 167 na upana wa 116. Ulitengenezwa kwa ajili ya kanisa la mji wake, Sansepolcro, na tangu 1861 uko National Gallery, jumba la sanaa la London. Fresko haihami kirahisi hivyo. Lazima kwanza ibanduliwe kwenye ukuta wake.

Ubatizo wa mchoraji Verrocchio ulioko Uffizi, jumba la makumbusho la Florence, ambao malaika wake mmoja alichorwa na Leonardo da Vinci alipokuwa bado kijana, nao ni wa ubaoni: tempera na rangi ya mafuta. Na Leonardo huyo huyo, Karamu ya Mwisho yake ya Milan iko ukutani kweli, lakini aliichora juu ya ukuta mkavu, kwa sababu alitaka kwenda polepole na kurudia rudia. Ilianza kuharibika akiwa bado hai.

Anayetaka ubatizo wa fresko aende Vatikano, kwenye Kikanisa cha Sistina. Kwenye ukuta wa pembeni upo wa mchoraji Perugino, uliochorwa mnamo 1482. Ule uite fresko bila wasiwasi. Wa Piero ukiuita tempera ni sawasawa, na neno hilo likikutoka akilini mbele ya vijana, "picha ya ubaoni" inatosha kabisa.