Na Kama Mama Yake Asingekufa?

Nafundisha vijana utetezi wa imani hapa Moshi, na kila mwaka hakosi wa kuniletea flashi: "Mwalimu, hii lazima tuione." Mara nyingi huwa ni God's Not Dead, filamu ya mwaka 2014. Tunashusha mapazia ya ukumbi, projekta ikikubali tunaangalia.

Profesa wa falsafa anawataka wanafunzi waandike kwamba Mungu amekufa, watie na sahihi. Kijana mmoja, Josh, anagoma, anapewa nafasi ya kujitetea mbele ya darasa. Hoja zake si za kubeza: mwanzo wa ulimwengu, chanzo cha uhai, uovu na uhuru wa kuchagua. Lakini kinachomwangusha profesa si hoja hata moja. Ni swali: kwa nini unamchukia Mungu? Kumbe alifiwa na mama yake kwa saratani akiwa na miaka 12. Baadaye anagongwa na gari, anampokea Yesu palepale barabarani. Ukumbi mzima makofi.

Siku moja binti akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama mama yake asingekufa?"

Nilibaki natafuta maneno. Filamu ilikuwa imechukua swali ikaligeuza kidonda, na mwenye kidonda hajibiwi, anapewa pole. The Case for Christ (2017) nayo ina kidonda chake, maana Lee Strobel, mwandishi wa gazeti la Chicago Tribune asiyeamini Mungu, haelewani na baba yake. Ila hiyo naipenda zaidi. Strobel anaachiwa afanye kazi yake, anazunguka kuwahoji wataalamu juu ya ufufuo, na huku kesi ya jinai aliyoiandika kwa uhakika wote inamgeukia: alikuwa amekosea. Mtu mwerevu anausoma ushahidi vibaya. (Hata sisi tunaoamini tunaweza.)

Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila mtu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Paulo kule Athene alipotaja ufufuo, wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, Dionisio na Damari wakiwamo. Sidhani kama kuna prodyuza angekubali mwisho wa namna hiyo.

Halafu vijana wangu wala hawabishani na huyo profesa. Hajatokea hata mmoja kuniambia Mungu hayupo. Wanauliza kuhusu tambiko la ukoo wakipanda Rombo mwezi Desemba, kuhusu mafuta ya upako yanayouzwa kwa chupa, kuhusu rafiki Mwislamu anayetaka kujua Mungu anapataje Mwana. Hayo sijayaona kwenye flashi yoyote.

Kwa hiyo siku hizi nasimamisha filamu kabla ya ajali. Namteua mmoja awe profesa, kwa sharti moja: mama yake yu hai, anauza ndizi Mbuyuni, na wanapendana sana. Mara ya mwisho huyo profesa alitubana mpaka giza likaingia, mlinzi akaja kudai funguo zake.