Ukabaila wa Uingereza Ulivyomomonyoka: Tauni, Ujira na Magombo ya Ngozi

Wanafunzi wengi wa historia hukariri sababu za kuanguka kwa ukabaila Ulaya kama orodha: tauni, biashara, miji, mizinga, uasi wa wakulima. Orodha hiyo si ya uongo, ila haigusi kiini. Mashariki ya mto Elbe, unaopita Ujerumani, nako watu walipungua na mashamba yakageuka mapori, lakini huko wakulima waliishia kufungwa zaidi kwenye ardhi ya mabwana kuliko mwanzo. Cha kuuliza ni hiki: mtwana, yaani mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, akitoroka, yuko wa kumpokea? Na bwana wake ana nguvu ya kumrudisha?

Tuanze na mzigo wenyewe. Katika karne ya 13, mtwana wa Kiingereza mwenye nafuu alishika ekari zipatazo 30. Wengi walikuwa na chini ya hapo. Kwa ardhi hiyo alifanya kazi kwenye shamba la bwana siku 2 au 3 kila wiki bila ujira. Msimu wa mavuno aliongezewa siku nyingine, wakati uleule nafaka yake mwenyewe ikipukutika shambani. Akimwoza binti alilipa ada. Akifa, bwana alichukua mnyama bora zizini mwake. Kusaga alisaga kwenye kinu cha bwana, na sehemu ya nafaka ikabaki huko. Kuhama bila ruhusa ilikuwa kosa. Migogoro yake ya ardhi ilisikilizwa na baraza la bwana huyohuyo, na kila uamuzi ukaandikwa kwenye magombo ya ngozi.

Tauni iliingia kupitia bandari ya Melcombe Regis, kusini mwa nchi, mwaka 1348. Katika muda usiotimia miaka miwili iliua kati ya theluthi na nusu ya watu. Ikarudi 1361, ikarudi tena 1369. Marudio hayo husahaulika, na ndiyo yenye uzito: pigo moja hufidiwa na kizazi kinachofuata, lakini mapigo ya mfululizo yaliwafanya watu wabaki wachache kwa zaidi ya karne. Ardhi ikawa tele, mikono ikawa adimu.

Wenye ardhi hawakukaa kimya. Amri ya Juni 1349, na sheria ya bunge ya 1351, ziliwataka wenye nguvu walio chini ya miaka 60, wasio na njia yao ya kujikimu, wakubali kazi kwa ujira wa kabla ya tauni. Viwango vilitajwa kimoja kimoja: mkata majani peni 5 (sarafu ya Kiingereza) kwa siku; mvunaji peni 2 wiki ya kwanza ya Agosti, kisha 3; fundi mkuu wa useremala peni 3. Sheria ilikuwa na meno, maana watu wengi walitozwa faini. Ilichoshindwa ni kuwazuia mabwana wasinyang'anyane vibarua. Bwana ambaye ngano yake ilikuwa ikioza shambani hakumuuliza mgeni katoka wapi. Alimpa ujira wa juu, au akamwongezea chakula na nafaka juu ya kiwango halali. Waliotunga sheria ndio waliokuwa wakiivunja.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Mwaka 1377 ilikuwa peni 4 kwa kila aliyezidi miaka 14. Mwishoni mwa 1380 bunge likaidhinisha peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15. Familia zikaficha watu, wakaguzi wakatumwa vijijini, na tarehe 30 Mei 1381 ghasia zikalipuka Brentwood, Essex. Katikati ya Juni waasi walikuwa wameshaingia London. Huko Mile End, mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliahidi kufuta utwana na kuweka kodi ya ardhi kuwa peni 4 kwa ekari. Siku iliyofuata kiongozi wa waasi, Wat Tyler, aliuawa Smithfield, na mapema Julai hati zote za ahadi zikafutwa.

Waasi hawakuchoma ovyo. Sehemu nyingi walitafuta magombo ya baraza kwanza, kwa sababu humo ndimo ulimokuwa ushahidi kwamba fulani ni mtwana, mwana wa mtwana. Huko St Albans kulikuwa na kidonda cha zamani zaidi. Miaka kama 50 nyuma, abati, mkuu wa watawa wa hapo, alikuwa amewanyang'anya watu mawe yao ya kusagia ya mkono, ili walazimike kutumia kinu cha abasia, yaani monasteri yake, na mawe hayo akayatandaza kuwa sakafu. Mwaka 1381 watu waliyang'oa, wakayavunja na kugawana vipande kama mkate uliobarikiwa kanisani. Ukitaka kujua ukabaila uliuma wapi, tazama sakafu ile.

Uasi ulishindwa, lakini hesabu za mabwana hazikubadilika. Kibarua wa kulazimishwa alifanya kazi vibaya na kutoroka. Wa kulipwa alikuwa ghali. Kwa hiyo mabwana wengi walikodisha mashamba yao wenyewe, na siku za kazi ya bure zikageuzwa kodi ya fedha. Mkulima akapewa nakala ya ingizo lake katika gombo la baraza. Kumbukumbu iliyomthibitisha kuwa mtwana ikawa sasa hati ya kudai shamba lake. Mwaka 1574 Elizabeth I alikuwa akiwauzia uhuru watwana wachache waliosalia kwenye ardhi ya taji.

Upande wa vita, wafalme walikuwa tayari wanalipa askari kwa fedha, na Charles VII wa Ufaransa aliunda vikosi vya kudumu mwaka 1445. Huduma ya kijeshi ambayo kabaila aliitoa kwa mfalme ili ashike ardhi ikapoteza soko.

Huko mashariki, bei nzuri ya nafaka iliyosafirishwa kupitia bandari ya Gdańsk iliwashawishi makabaila wa Poland kupanua mashamba yao. Miji ilikuwa dhaifu, na makabaila walishikamana bungeni: sheria ya 1496 ilibana kuhama, na ya 1520 ikaweka angalau siku moja ya kazi ya bure kwa wiki. Urusi ilikamilisha kifungo hicho mwaka 1649, na hakikufunguliwa hadi 1861.

Hata Uingereza uhuru haukuja na ardhi. Mwenye nakala ambaye ada yake ya urithi haikuwekewa kikomo angeweza kutozwa asichoweza kulipa, na mashamba mengi yakazungushiwa ua kwa ajili ya kondoo. Umiliki wenyewe wa kutegemea nakala ya gombo ulifutwa kisheria tarehe 1 Januari 1926.