Ratiba ya mazoezi inayohimili wiki mbaya

Kila anayekuja kwangu kwa tiba ya viungo huwa namuuliza: wiki ile uliyozidiwa na kazi, mtoto akaugua, usingizi ukawa wa kuibia, ulifanya zoezi gani? Wengi hunyamaza. Basi tunaanzia hapo, maana ratiba inayodai saa nzima kila siku huvunjika wiki kama hiyo, na ikishavunjika mtu huona haya kuirudia.

Zoezi langu mwenyewe ni kiti. Nakaa ukingoni, nyayo zimekanyaga sakafu sawasawa, mikono nimeikunja kifuani. Nasimama, kisha nashuka polepole, moja, mbili, tatu, ndipo nakaa. Kazi yenyewe iko kwenye kule kushuka, kwa hiyo usijiangushe. Mara 10, napumzika, narudia mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki, pamoja na kujisukuma ukutani. Kujenga misuli kunataka jasho jingi. Kuitunza kunataka kidogo sana, alimradi ugumu wa zoezi usipungue.

Mengine ni kutembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa 2020 hauna tena lile sharti kwamba kila mkupuo ufike dakika 10. Ngazi za dakika mbili zinahesabika! Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. (Baadaye Morris mwenyewe alichunguza vipimo vya sare zao akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo ngazi si sababu pekee.)

Chakula sikipimi. Nusu ya sahani mboga na matunda, robo wanga, robo protini, basi. Vinywaji vya sukari siviweki nyumbani, kwani usiku nikiwa nimechoka sina nguvu ya kubishana na chupa iliyo mbele yangu.

Kama goti linalalamika unaposimama, weka mto mgumu kitini ili kiinuke kidogo, uuondoe miguu ikipata nguvu. Kifua kikibana, acha hapo hapo, utafute daktari.