Kutafuta barua pepe kwa tarehe za maneno: "juzi" ni lini?

Unafungua barua pepe, unaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: "risiti za mwezi uliopita". Kutafuta kwa tarehe za maneno ni programu kuyapokea maneno hayo jinsi ulivyoyasema na kuyageuza kuwa tarehe mbili, ya mwanzo na ya mwisho, kisha kukuletea barua zilizoingia katikati yake.

Tuseme leo ni Mei 10, 2024. Mwezi uliopita ni Aprili nzima. Katika IMAP, lugha ambayo programu nyingi za barua pepe huzungumza na seva, yaani kompyuta inayohifadhi barua, zipo amri mbili: SINCE ("tangu"), inayoihesabu siku uliyoitaja, na BEFORE ("kabla ya"), isiyoihesabu. Kwa hiyo Aprili ni SINCE 1-Apr-2024 BEFORE 1-May-2024. Fundi akiandika BEFORE 30-Apr-2024, barua zote za tarehe 30 zinaachwa nje, na kwa risiti za mwisho wa mwezi hilo si kosa dogo. Tena SINCE huangalia siku barua ilipoingia kwenye seva. Kwa tarehe aliyoiandika mtumaji kuna SENTSINCE.

Hesabu hiyo ni nyepesi ukilinganisha na maneno yenyewe. "Juzi" ni siku iliyoitangulia jana, lakini mtu akisema "juzi nilikuandikia" huenda ni siku kumi zimepita. "Wiki iliyopita" ni siku saba kurudi nyuma, au ni wiki ya kalenda? Na kama ni ya kalenda, inaanza lini? Kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, wiki huanza Jumatatu, kalenda za Marekani huanza Jumapili, na majina ya siku zetu yanahesabu kuanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ni ya tatu.

Usiku ndio mgumu zaidi. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku huingia jua linapotua, hivyo kwa mzee wa huko "usiku wa Jumanne" ni ule wa kuamkia Jumanne. Programu inayobadilisha siku saa sita usiku itampa usiku unaofuata. Na "saa mbili usiku" ni 20:00; ikisomwa 02:00, tumepotea saa sita.

Kwa maoni yangu, programu nzuri haikisii kimyakimya. Chini ya kisanduku iandike ilichoelewa, "Aprili 1 hadi 30, 2024", na tarehe hizo ziweze kubonyezwa na kurekebishwa. Neno likiwa legevu kama "juzi", ilete kwanza barua za siku hiyo, halafu chini yake za siku za jirani. Mtu akiona "hakuna matokeo" haulizi programu imeelewa nini. Anaamini barua haipo, na anaacha kuitafuta.